Mwaka wa Debe na Moli

Mwezi uliopita mdogo wangu Festo alimfanyia binti yake sherehe ya kipaimara hapa Ifakara, akamwalika mwalimu wetu wa kemia wa zamani na kumketisha meza kuu. Mimi sikuambiwa mapema. Nilikuwa nyuma, chini ya turubai la jikoni, nikisimamia masufuria ya pilau, niliposikia sauti yake kwenye kipaza sauti. Ni sauti ya mzee sasa, ina kikohozi ndani yake, lakini ningeitambua popote. Alimsifu Festo, akasema alimpokea kijana huyu akiwa hajui tofauti ya atomu na punje ya mchele, na leo ni mfamasia anayetegemewa huko Morogoro. Watu wakapiga makofi. Kisha akauliza, "Na dada yake yuko wapi? Mama Debe wangu yuko wapi? Asimame tumwone." Wageni wakacheka, kwa sababu jina lenyewe linachekesha kama hujui lilikotoka. Festo naye akacheka. Nilimwona kupitia upenyo wa turubai, amevaa suti ya kijivu, meno yote nje, na kwa dakika ile nilimchukia hata yeye.

Sikusimama. Niliendelea kupakua, na mshereheshaji akaona heri aweke muziki. Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo Festo alinifuata, akachuchumaa karibu na beseni na suti yake, akaniambia kwa upole kwamba mzee alikuwa anatania tu. "Miaka yote hii, dada. Hata leo?" Nikamwambia hata leo. Akasema mzee anaumwa, anakaa peke yake kule Kiberege, na itakuwaje siku akifa. Nikamjibu kwamba akifa atazikwa, na wakiniita kupika nitapika. Festo akanyanyuka akaenda zake. Ninaandika sura hii kwa ajili yake zaidi, kwa sababu yeye aliuona mwaka ule kutoka upande mmoja, na kwa sababu mtu akishacheka na umati hukumbuka kicheko akasahau kilichochekwa. Sina nia ya kuipoza hasira yangu kwa kuiandika. Nimekaa nayo muda mrefu na haijanila, imenisimamisha.

Wazazi wetu sitawaeleza hapa. Inatosha kwamba mwaka ninaousema ulipoanza wote wawili walikuwa wameshazikwa, na mimi, Konsolata, nilikuwa mkubwa wa watatu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, Festo kidato cha pili, na Neema bado yuko shule ya msingi. Mwaka wenyewe haukuanza Januari. Ulianza na mavuno ya mpunga na ukaisha na mavuno yaliyofuata. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa, na mkanda wa mashine ukizunguka, ukuta wetu ulitetemeka hadi vikombe vikasogea vyenyewe kwenye meza. Vumbi la pumba liliingia kwenye kila kitu: kwenye shuka, kwenye mboga, kwenye nywele za Neema. Kila alasiri nilikuwa napepeta mchele wa watu pale mashineni, na ujira wangu ulikuwa chenga, yaani mchele uliovunjika ambao mwenye mzigo hautaki. Ndizo tulizokula na mlenda, na siku wavuvi wakitoka mtoni na bahati, kwa kichwa cha kambale. Usiku naziloweka, alfajiri nazitwanga, nakaanga vitumbua, halafu navaa sare. Nilijua hesabu ya maisha yetu ilivyokaa, na katika hesabu hiyo kitu kimoja tu kilikuwa changu mwenyewe: dawati la safu ya pili karibu na dirisha, na nia ya kufika kidato cha nne nikiwa nimekaa juu yake.

Siku ya moli ilikuwa siku ya joto, madirisha wazi, na magari ya mpunga kutoka Mngeta yanapita barabarani mfululizo. Mwalimu alikuwa kijana wakati huo, mwembamba, shati limenyooshwa hadi mikunjo yake inakata. Alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyopaswa, lakini alipotaka kumchoma mtu alihamia Kiswahili ili kisu kipite vizuri. Aliandika ubaoni ile namba ndefu, sita nukta sifuri mbili mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu, akasema hizo ndizo chembe zilizomo katika moli moja ya kitu chochote. Nusu ya darasa waliinakili kama wanavyonakili jina la mji wa mbali. Akaniuliza mimi moli ni nini, na nisimsomee ubao. Nilisimama nikasema ni kipimo, ni kama debe. Debe ni lile lile, uweke mpunga, uweke mchele, uweke mahindi, kinachobadilika ni uzito. Aliweka chaki chini. "Kwa hiyo moli moja ya mkaa na moli moja ya chuma zinajaza debe moja?" Nikasema ndiyo, mwalimu. Akaligeukia darasa, akalipa muda wa kujiandaa kucheka, kisha akasema, "Kaa chini, Mama Debe. Hapa ni kemia, si sokoni."

Nilikosea, na sijawahi kusema sikukosea. Lakini jibu langu lilikuwa na nusu mbili. Kwamba kipimo kinabaki kile kile na uzito unabadilika, hilo ni sawa kabisa, na ndilo jambo ambalo darasa zima lilishindwa kulielewa hadi mwisho wa muhula. Kosa lilikuwa kwamba mimi nilipima kwa nafasi na moli inapima kwa idadi. Mwalimu anayejua kazi yake angechukua nusu ile nzuri akanionyesha nusu iliyoharibika. Yeye alichukua iliyoharibika akaitundika shingoni mwangu, na jina likatoka darasani likaenda uwanjani, likatoka uwanjani likaenda mtaani, hadi watoto waliokuja kununua vitumbua wakawa wanaita mlangoni, "Mama Debe, vimeiva?" Neema alipigana shuleni kwao kwa sababu ya jina hilo akarudi na sketi imechanika. Mama alikuwa hajamaliza msimu kaburini na mimi tayari nilikuwa nimepewa jina jipya na mtu ambaye hakuniuliza la zamani.

Zilipita wiki chache tu baada ya hapo. Neema alishikwa na homa, nikampeleka zahanati asubuhi, nikamrudisha kulala, nikafika shuleni kipindi cha kemia kimeshaanza. Nilisimama mlangoni kuomba kuingia. Mwalimu akaniuliza kama soko limefungwa mapema. Darasa likacheka, na mimi, ambaye nilikuwa nimebeba mtoto mwenye homa mgongoni tangu alfajiri, nikasema, "Mwalimu, naomba uniite jina langu." Sikupaza sauti.  Akaniambia nitoke, na nisirudi darasani kwake hadi nije na mzazi.

Kila mwanafunzi wa nchi hii anayajua maneno hayo. Njoo na mzazi. Wenzangu walioambiwa hivyo walirudi nyumbani wakachapwa, kesho yake baba akaja amevaa koti, akaongea na mwalimu, mambo yakaisha. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kitanda nikawaza nimpeleke nani. Mjomba wetu alikuwa Chita, yuko shambani kwenye mavuno, na alikuwa ameshasema kwamba msichana aliyefika kidato cha tatu amesoma vya kutosha. Jirani yetu mmoja, mama mcheshi aliyekuwa akiuza mkaa, alijitolea kwenda kujifanya shangazi yangu. "Nitavaa na miwani ya marehemu mume wangu," alisema, "mwalimu mwenyewe ataniogopa." Nilicheka, nikamshukuru, nikakataa. Sikutaka kuazima mzazi. Mzazi wa nyumba ile alikuwepo. Ndiye aliyeamka alfajiri, ndiye aliyejua nani kala na nani hajala, ndiye aliyesaini karatasi za shule za Festo na Neema na hakuna mwalimu wao aliyezikataa.

Kwa hiyo kesho yake nilivaa khanga za mama juu ya sare, moja kiunoni na moja mabegani, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda. Walimu walikuwa ofisini wanakunywa chai ya saa nne. Niliingia, nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa nyumbani, nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Alinitazama. Walimu wengine wawili nao walinitazama, kisha wakamtazama yeye, wakisubiri. Hakuitikia. Aliuliza mzazi yuko wapi. Nikasema ndiye mimi, mimi ndiye ninayewalea wenzangu na mimi mwenyewe, na nimekuja kuzungumza kuhusu mwanafunzi Konsolata. Labda nilitarajia angecheka kidogo halafu aniambie kaa. Akachukua kikombe chake akawaambia wenzake, "Mzazi kaja na sare chini ya khanga." Kisha akaniambia mimi, bila hasira, kama mtu anayefukuza kuku, "Ukipata mzazi, rudi."

Nilisimama barazani hadi kengele ikagongwa. Watu hudhani kilichonitoa shuleni ni umaskini, na hata Festo anapoeleza habari zangu husema dada aliacha shule ili sisi tusome. Ni maneno mazuri na ninamwacha ayaseme kwenye sherehe. Lakini nilikuwa ninapepeta, ninakaanga, ninawalea na ninasoma vyote kwa pamoja, na ningeweza kuendelea. Kilichonitoa ni shikamoo yangu iliyobaki hewani katika ofisi ile. Mtu wa bonde hili huitikia shikamoo ya mlevi. Huitikia ya mtu waliyegombana naye mpaka wa shamba, ataitikia huku amegeuza uso, lakini ataitikia, kwa sababu asipofanya hivyo amekuambia kwamba huhesabiki. Pale barazani niliamua mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu yule hatapata tena salamu hiyo kutoka kinywani mwangu mpaka alipe ile. La pili, kwamba Festo akifika kidato cha tatu ataijua moli kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita mikononi mwake, na mwalimu atalazimika kumwangalia akiijua.

Nilianza kuuza vitumbua pale pale shuleni, nje ya geti, saa ya chai. Wengine walinionea huruma. Walidhani sina aibu au sina pengine pa kwenda. Nilikuwa na sababu yangu. Kila mwalimu alinunua kwangu, kwa maana vitumbua vya chenga nilivyokaanga mimi vilikuwa na ukingo mkavu na kati laini, na wanaovijua wanajua. Mwalimu wa kemia naye alikuja. Siku ya kwanza alinyoosha mkono na mimi nikafunika beseni kwa kitambaa, nikasema, "Vimekwisha, mwalimu." Harufu ilikuwa inatoka chini ya kitambaa na mvuke unaonekana. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, akaenda. Baadaye alijaribu kumtuma mwanafunzi. Nilimuuliza vya nani, akasema vya Sir wa kemia, nikasema vimekwisha. Mwalimu wa jiografia, mtu mnene mwenye utani, alianza kuuliza kwa sauti kila asubuhi, "Leo vimekwisha kwa nani?" na hata walinzi wakacheka. Mwalimu alikunywa chai kavu mwaka mzima. Ni kisasi kidogo, najua, ila kilikuwa cha kila siku, na cha kila siku hukaa vizuri tumboni.

Kazi kubwa ilikuwa chumbani. Nilikuwa na miezi michache kabla Festo hajaingia kidato cha tatu, na mimi mwenyewe moli nilikuwa nimeishia njiani. Kilichonifungua macho si kitabu. Ni ugomvi wa lumbesa. Siku moja pale mashineni mkulima wa Kiberege na mnunuzi walikuwa wanavutana juu ya gunia lililoshindiliwa hadi likaota kichwa na kushonewa kofia juu. Mnunuzi anasema gunia ni gunia, mkulima anasema hilo ni gunia na nusu. Luhende, Msukuma aliyekuwa akiendesha mashine, alizima injini ili wasikilizane. Waliposhindwa kuelewana akafuta mikono akawaambia, "Basi kaeni chini mhesabu punje. Punje haina lumbesa." Watu wakacheka, mimi nikasimama na ungo mkononi. Alikuwa anatania, lakini ndilo jibu nililokosa darasani. Debe linashindiliwa, gunia linaota kichwa, na hata mikono miwili inayopima kitu kimoja haifanani. Moli ni kama mtu aliyekataa ubishi wote akakaa chini akahesabu punje.

Jioni hiyo kabla giza halijaingia nilimketisha Festo sakafuni, tukaandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Tulihesabu punje mia za mpunga tukaziweka upande mmoja, punje mia za mahindi upande wa pili. Nikamwambia hii ndiyo moli yetu ya nyumbani: mia ni mia. Akaona mwenyewe kwamba rundo la mahindi ni kubwa na zito kuliko la mpunga, na idadi haijabadilika. Kwa hiyo ukipewa uzito, nikamwambia, usikimbilie idadi. Uliza kwanza moli moja ya kitu hicho ina uzito gani, gawanya, upate moli. Halafu ndipo uzidishe kwa namba ile ndefu upate chembe. Ukipewa chembe, rudi kwa njia hiyo hiyo: gawanya kwa namba ndefu, upate moli, zidisha kwa uzito wake. Njia zote zinapita mlango mmoja, na mlango ni moli. Festo alikuwa mwepesi, lakini alikuwa anateleza sehemu moja. Akiulizwa chembe za maji alisahau kwamba molekuli moja ya maji ina atomu tatu ndani yake. Nilichukua punje ya mpunga nikaimenya kwa kucha, nikamwekea ganda pembeni na mchele pembeni. Nikamwambia kabla hujajibu, uliza unaulizwa mpunga au mchele: kitu kizima kama kilivyo, au vilivyomo ndani kikivunjwa. Tangu siku hiyo likawa neno letu. Neema alikuwa akikoroga mboga na kutuuliza kwa sauti ya Mwalimu, "Mpunga au mchele?" na Festo anajibu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile cha miezi hiyo, na kilikuwa chenga na mlenda.

Januari Festo aliingia kidato cha tatu, kwa mwalimu yule yule. Nilimwambia asijioneshe, ajibu akiulizwa na akae chini. Akafanya hivyo. Moli ilipofika, mavuno yalikuwa yamekaribia tena, alikuwa anapata hesabu zote. Kisha wakaingia kwenye gesi, na Festo alirudi nyumbani mchana mmoja amebeba viatu mkononi, uso umevimba kwa hasira. Aliniambia kwamba kwa gesi mambo ni tofauti. Moli moja ya gesi yoyote, ikiwa joto na mgandamizo ni vile vile, inachukua nafasi ile ile. Iwe hewa nzito, iwe hewa nyepesi, chombo ni kimoja. "Dada," akasema, "kwa gesi, debe lako ni kweli." Mikono yangu ilikuwa kwenye unga na nikaiacha humo. Lakini hakuwa amemaliza. Mwalimu ndiye aliyeeleza hivyo, mbele ya darasa, kwa mfano. Aliwaambia wachukulie kama debe: uweke mpunga, uweke mchele, debe ni lile lile, kinachobadilika ni uzito. Maneno yangu, moja baada ya jingine. Darasa likafurahi, wakasema Sir anajua kufundisha. Festo akasimama akasema, "Mwalimu, huo mfano ni wa dada yangu." Akafukuzwa darasani. Asirudi hadi aje na mzazi.

Nimekutana na wezi wa aina nyingi katika biashara ya chakula na wengi nimewasamehe. Mtu aliyekuchukulia sufuria anajua amechukua sufuria. Huyu alinichapa kwa fimbo yangu mwenyewe mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akaifanya fimbo ile kuwa mkongojo wake wa kutembelea, na kijana aliyesema fimbo ni ya nani akafukuzwa. Kesho yake asubuhi nilimwambia Festo avae viatu. Nilitoa khanga za mama kwenye sanduku. Safari hii chini ya khanga hapakuwa na sare, na nilikuwa na jambo moja tu la kulinda: Festo asipoteze dawati kama nilivyopoteza langu.

Shule ilikuwa imepata mkuu mpya mwaka huo, mama mmoja mpole mwenye miwani minene, na yeye pia alikuwa ofisini anakunywa chai na walimu. Niliacha beseni la vitumbua getini, nikaingia na Festo nyuma yangu. Nilimpa mkuu shikamoo, akaitikia. Nikawapa walimu wengine mmoja mmoja, wakaitikia. Nikafika kwa Mwalimu nikamruka, nikaenda kwa aliyefuata. Ofisi nzima ililiona hilo. Mwalimu akamwambia mkuu kwamba amemwagiza mvulana aje na mzazi, na huyu ni muuza vitumbua. Mkuu akamgeukia Festo akamuuliza mimi ni nani. Festo akasema, "Ndiye anayetulea." Mkuu akavuta kiti. "Basi ndiye mzazi. Mzazi, kaa."

Nilikaa. Mwalimu akaeleza kwamba kijana ana kiburi, anakariri tu, haelewi anachosema, na kwamba angependa aondolewe kwenye kemia ahamie masomo ya sanaa kabla hajaharibu matokeo ya shule. Mkuu, ambaye alikuwa mwalimu wa historia, akasema kama hajui si aulizwe hapa hapa. Mwalimu akauliza haraka: gramu tisa za maji, zina chembe ngapi. Festo alikuwa amesimama mikono nyuma, jasho linamtoka, na kwa hofu akasahau alipo. "Chembe zipi, mwalimu," akauliza, "mpunga au mchele?"

Mwalimu wa jiografia alipaliwa na chai. Wote wakacheka, hata mkuu alicheka, na Mwalimu akafungua mikono kama anayesema mmejionea wenyewe. Festo alinitazama, macho yamejaa, na nikamtikisia kichwa aendelee.  Akaeleza kwamba anauliza kama ni molekuli nzima za maji au atomu zilizomo ndani yake. Moli moja ya maji ina gramu kumi na nane, kwa hiyo gramu tisa ni nusu moli, na molekuli ni nusu ya ile namba ndefu. Lakini kama ni atomu, azidishe mara tatu. Mkuu akamtazama Mwalimu. Mwalimu akasema, chini chini, kwamba ni sahihi. Mkuu akaamua pale pale: kijana abaki kwenye kemia, aombe radhi kwa kusema bila ruhusa, jambo liishe. Festo akaomba radhi. Alikuwa amepona, na mimi nilikuwa tayari kuondoka.

Ndipo mkuu akaniuliza niliishia kidato gani. Nikamwambia. Akavua miwani, akasema nafasi ipo, ninaweza kurudi Jumatatu nikakaa darasa moja na mdogo wangu, na kama kuna la sare atalitazama. Sikuwa nimelitegemea kabisa. Niliona dawati la dirishani kama nimeshalikalia. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu akasema niombe radhi kwanza, maana niliondoka darasani kwake kwa jeuri. Mkuu akaniambia kwa upole, "Ni neno moja tu, mwanangu. Sema, yaishe."

Nilisimama. Nikamtazama Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Mwaka jana nilisimama hapa nikakupa shikamoo, mwalimu. Hukuitikia. Iitikie, nami nitaomba radhi."

Alicheka kidogo. "Shikamoo ya mwaka jana?"

"Hiyo hiyo."

Akasema muuza vitumbua hawezi kumpangia salamu. Mkuu akamwambia, na sauti yake haikuwa tena ya upole, "Mwalimu, mwitikie mtoto." Kulikuwa na kijiko kwenye kikombe chake. Alikizungusha, akakizungusha, chai ikazunguka, na sote tulisubiri. Kisha akakinyanyua kikombe akanywa. Nikamshukuru mkuu, nikamwambia nafasi yangu ampe mwingine, nikatoka.

Najua wanavyosema, na Festo ndiye kinara wao: kwamba niliitupa elimu yangu kwa neno moja, kwamba Mwalimu baadaye alimpenda Festo, alimpa vitabu, alimwandalia njia, kwa hiyo hakuwa mtu mbaya. Yote hayo ni kweli na Festo ana haki ya kumheshimu. Alilipwa. Mimi sikulipwa. Neno lile moja lilikuwa dogo kwake pia. Kama ni dogo hivyo, angelitoa. Alinifuata barazani siku ile, Festo, akanishika khanga, akaniambia, "Dada, rudi useme tu." Nikamwambia aingie darasani, kipindi kimeanza. Akaingia.

Nilitoka getini na beseni langu kiunoni. Barabarani jua lilikuwa kali na mpunga umeanikwa kwenye maturubai pande zote mbili. Wasichana wawili wa shule ya msingi walikuwa wanakuja kutoka upande wa mashineni, wameshikana mikono, siwajui. Waliona khanga, wakaona kitambaa kichwani, wakasogea pembeni ya njia kunipisha kama wanavyompisha mtu mzima. "Shikamoo, mama," wakasema pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikaweka beseni chini, nikawaitikia, mmoja kwanza, kisha mwenzake, na sikuondoka pale mpaka nilipohakikisha kila mmoja amesikia.